Msusi Aliyekataa Kurudishwa

Kijana aliyetumwa na kanisa kwenda nchi ya mbali alikuwa amerudi likizo, na Jumapili hiyo alipewa kipaza sauti atoe taarifa. Alisimama mbele, amekonda kidogo, akaeleza bila kupamba. Wanaume wa mji ule wanamkaribisha, wanamsikiliza, wanabishana naye mpaka chai inapoa. Wanawake hawaonekani. Mkutano ukiitishwa hawaji. Akipiga hodi nyumbani, sauti ya mwanamke inamjibu kutoka ndani kwamba hakuna mtu.

Alipomaliza, mwenyekiti wa kamati ya umisheni akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali.

Kwenye safu ya kwaya akasimama mwanamke mfupi, mnene, msusi wa saluni iliyo nyuma ya kituo cha mabasi. Mtaani wanamwita Mama Chanuo, kwa sababu chanuo lake haliondoki kichwani. Hulichomeka juu ya sikio kama seremala anavyochomeka penseli, na hulisahau humo hata akivaa joho la kwaya.

"Hao wanawake," akasema, "wanasuka?"

Kanisa likacheka. Hata mchungaji aliinamisha uso kwenye Biblia yake. Kijana peke yake hakucheka. Alifikiri kidogo.

"Wanasuka," akajibu. "Kila nikipita asubuhi naona mlango uko wazi, mmoja amekaa chini, mwingine yuko nyuma yake, kichwa kiko magotini. Wanakaa hivyo mpaka jua linageuka. Wakiniona wananyamaza."

"Sasa mlimtuma mwanamume akafanye nini kwenye mlango huo?" Mama Chanuo akamgeukia mwenyekiti. "Nitumeni mimi."

Mara hii walicheka zaidi.

Saluni yake ni chumba chembamba chenye kioo kimoja, na kona ya kioo hicho ilipasuka zamani ikafichwa kwa picha ya waridi. Kuna stuli za urefu tofauti, birika la maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta, na harufu ya mafuta ya nywele iliyoshika mpaka kwenye mapazia. Alianza kusukia barazani kwa watu, mumewe alipofariki na kumwachia binti mdogo. Leo binti huyo ni mtu mzima na anasuka stuli ya pili, mgongo kwa mgongo na mama yake.

Nilimfahamu kwa kumpa kichwa changu, nami nilijifunza pale jambo ambalo wasusi wote wanalijua na wahubiri wachache wanalijua. Mtu akikupa kisogo, husema mambo ambayo asingeyasema akikutazama. Kichwa kizima cha rasta nyembamba huchukua siku nzima, na hakuna siku nzima inayopita kwa habari za hali ya hewa. Mke aliyepigwa jana huanza kwa kusema ngozi ya kichwa inauma. Mama Chanuo hulegeza mkono, huuliza, "Hapa?" Na kutoka hapo habari hutoka yenyewe. Yeye haanzi kumhubiria mtu. Mtu ndiye huuliza, mchana ukishachoka, "Wewe unapata wapi nguvu hizo?" Hapo hujibu. Wapo waumini wa kanisa lile ambao hawakuletwa na mkutano wowote. Waliletwa na stuli.

Nimekaa kwenye mabenchi ya makanisa mengi, nchi hii na nchi ile, nikisikiliza lugha ninayoijua vizuri na lugha ninayoivizia, na karibu kote nimekuta picha ileile. Mmisionari ni mtu anayeshuka kwenye gari. Hatujawahi kumwona akipanda. Alikuja kwetu, akatusomea, akatubatiza, akapiga picha nasi, na sisi tukabaki mlangoni kama wageni waalikwa wanaongoja kuhudumiwa. Sasa tuna makanisa yaliyojaa, kwaya zinazogombea nafasi, wazee wa kanisa wengi kuliko viti, na bado tukisikia neno umisheni tunatazama barabarani kuona nani anakuja. Mama Chanuo hakuwahi kuwa na subira ya kutazama barabara.

Akaisumbua kamati. Alikwenda kila kikao, akiwa na begi lake la rasta, akasuka watoto wa wajumbe nje ya mlango huku akingoja kuitwa. Kijana naye, aliporudi kazini kwake, akamtafutia mwenye saluni katika mji ule, mwanamke mwenye vichwa vingi kuliko mikono, aliyesema msusi mzuri wa kutoka popote atampokea. Mwishowe kamati ikachoka kumkatalia. Ikakubali.

Kanisa lile halingoji viza. Lina desturi ya kumuaga mtu kwa imani, tarehe ikishapangwa kwenye kalenda, na mambo ya serikali yafuate baadaye. Aliyeagwa huwekewa kiti chake mbele, upande wa madhabahu, kimefunikwa kitambaa cheupe, na kiti hicho hakikaliwi mpaka arudi. Kila Jumapili baada ya matangazo, mwenyekiti hukigeukia na kumwombea aliye ugenini. Basi Mama Chanuo akaagwa. Wakamwekea mikono, wakamwimbia, wakalia, wakampa sanduku lenye magurudumu. Nafasi yake kwenye kwaya akapewa mwingine siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata, mwenyekiti akampeleka ubalozini. Mwenyekiti huyo ni mtu mwema, mstaafu, suti yake haina mkunjo, na anapenda mambo ya kanisa yawe na hadhi. Walipofika dirishani, karani akauliza, "Mama anafanya kazi gani?"

Mama Chanuo akafungua mdomo. Mwenyekiti akawahi. "Huyu ni mtumishi wa Injili."

Karani akasema watumishi wa Injili wameshatosha, nafasi zao zimejaa, waulize tena mwakani. Akafunga dirisha dogo la kioo.

Jumapili hiyo Mama Chanuo akarudi kanisani, na ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kanisa lilijua namna ya kumuaga mtu lakini halikujua la kufanya na mtu aliyeagwa akabaki. Kwaya ilikuwa imejaa. Kiti chake kilikuwa mbele, kitupu, kimefunikwa. Akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, penye wanaochelewa na wanaonyonyesha, ubavuni kwa bibi mmoja anayekaa hapo ili atoke mapema.

Baada ya matangazo mwenyekiti akasimama. Alimwona, kila mtu alimwona. Lakini desturi ni desturi. Akakigeukia kiti, akafumba macho. "Bwana, tunamkumbuka mama yetu aliye mbali nasi, katika nchi ya ugeni."

Bibi akamgusa kwa kiwiko. "Wanakuombea."

"Nasikia."

"Si useme amina."

"Amina," akasema Mama Chanuo, na safu mbili za mbele yake zikatikisika kwa kicheko kilichozuiwa.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Watu wakamsalimia kama wanaosalimia msafiri. "Huko hali ya hewa ikoje, Mama Chanuo?" Yeye hujibu, "Kuna joto, na majirani wana maswali mengi." Wengine hawakutania. Walisema Mungu amefunga mlango, na wakasema kwa sauti ya kuburudika kidogo. Binti yake alikuwa mmoja wao.

"Mungu ameshasema, mama," akamwambia wakifagia nywele jioni.

"Aliyesema ni karani."

"Karani naye ametumiwa."

"Basi na aseme yeye mwenyewe kwamba ametumwa. Mimi nilimwona akitazama saa."

Hakukaa bure. Nyuma ya maghala ya vitunguu, mwendo mfupi kutoka saluni, waliishi wanawake wa nchi ileile aliyotaka kwenda, wake wa mafundi waliokuja kujenga barabara. Walikuwa hawatoki, hawamjui mtu. Akaenda na stuli yake na begi lake, akapiga hodi, sauti ikajibu kutoka ndani kwa lugha asiyoijua. Hakuondoka. Akakaa barazani, akaanza kusuka kichwa cha mdoli aliyemkuta ametupwa pale. Mlango ukafunguka kidogo, kisha zaidi. Akawasuka bila kuwadai chochote ila maneno. La kwanza alilojifunza lilikuwa "inama". Kisha "inauma?" Kisha "geuka". Kisha swali ambalo kwake ndilo lugha yenyewe: "Nani alikusuka mara ya mwisho?" Kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa mama, au dada, au rafiki aliyeachwa kwao, na anayejibu huanza kulia au kucheka, na hapo mnakuwa mnajuana. Alikosea vibaya sana matamshi. Walimcheka mpaka wakajilaza sakafuni, naye akawa mwanafunzi wao.

Mchana mmoja mwenyekiti akaja saluni. Kwa mwanamume wa hadhi yake, kusimama kwenye mlango wa saluni ya wanawake ni kazi nzito. Alisimama nusu ndani nusu nje, kofia mkononi, akitazama birika. Ndani alikuwapo binti, na mteja mmoja, mke wa fundi bomba, aliyesukwa nusu ya kichwa huku nusu ya pili imesimama wima.

"Karibu, mzee. Stuli ile haina miguu mibovu."

"Sikai, mama. Nimekuja na habari njema. Kamati imeona mateso yako. Jumapili tutafanya ibada fupi ya kukurudisha. Tutaondoa kitambaa, utarudi kwenye kwaya, na aibu hii itakwisha."

"Aibu ya nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Ya sisi sote."

"Nirudishwe kutoka wapi? Sijaenda."

"Ndiyo hiyo aibu, mama."

Mke wa fundi bomba akainua kichwa. Mama Chanuo akakirudisha chini kwa vidole viwili, akaendelea kusuka.

"Mzee wangu, kitambaa kile kiacheni."

"Mama, sikiliza. Kazi ya Bwana iko hata hapa. Watu hapa hawajaokoka wote. Kwa nini tung'ang'anie mbali?"

"Iko," akasema Mama Chanuo. "Na wewe uko. Ifanye."

Binti akageuka kumtazama mama yake. Mwenyekiti akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Nasema hivi bila kukuvunjia heshima," Mama Chanuo akaendelea. "Hapa kuna mchungaji na wasaidizi wake, kuna wainjilisti, kuna kwaya zinazosukumana kwenye kipaza sauti mpaka zinakanyagana. Kule kuna kijana mmoja na milango imefungwa. Kila mnaposema kazi iko hata hapa, mngekuwa mnaifanya, ningenyamaza. Lakini mnasema hivyo siku mtu anapotaka kwenda tu. Siku nyingine hamsemi."

"Ubalozi umekataa."

"Ubalozi umemkataa mtumishi wa Injili. Mimi haujanisikia. Uliniuliza, ukajibu wewe."

Hapo mwenyekiti alitazama chini kwa mara ya kwanza. "Ningesemaje? Kanisa zima, na historia yake, limemtuma msusi?"

Kutoka magotini ikatoka sauti ya mke wa fundi bomba, imebanwa kidevu. "Angekuwa seremala ingekuwa sawa?"

"Seremala ni tofauti," akasema mwenyekiti haraka.

Birika lilikuwa linachemka, wakaliacha lichemke. Mwenyekiti akasikia mwenyewe alichosema, masikio yakamwiva. Akavaa kofia yake. "Jumapili," akasema, "kamati imeshapitisha." Akaondoka.

Alipobaki na binti yake, Mama Chanuo akavuta stuli fupi. "Kaa. Kesho nakwenda dirishani peke yangu, nataka kichwa cha kuonyesha."

"Tafuta kichwa kingine."

"Nimetafuta. Kizuri ni hiki."

Binti akakaa kwa hasira, mgongo umekakamaa. Mama akagawa nywele, akaanza. Kwa muda mrefu ilisikika sauti ya rasta tu, ikivutwa na kupishanishwa. Kisha binti akasema kwa upole, akitazama ukuta, "Sitaki uende."

"Najua."

"Nilifurahi walipokukataa. Niliimba jikoni."

"Nilikusikia. Uliimba vibaya."

Binti akacheka kidogo, kisha mabega yakamtikisika, na hakikuwa kicheko tena. "Inauma," akasema.

"Wapi?"

"Si kichwani."

Mama Chanuo akaacha mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, hakusuka, hakuuondoa. "Nilikufundisha kazi hii ili siku moja usinihitaji," akasema. "Hiyo siku imefika zamani, mwanangu, tumekaa tukijifanya hatuioni. Kuna mwanamke kule amekaa nyuma ya mlango. Sijui jina lake. Ana mtoto kama wewe, na hajawahi kuambiwa na mtu kwamba Mungu anahesabu hata nywele anazozing'oa kwa chanuo. Unataka nimwachie nani? Mwenyekiti?"

Binti akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwenyekiti ataogopa kukunja suti," akasema.

"Ndiyo maana. Inama."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Karani alikuwa yuleyule, mwanamke kijana wa nchi ile, na alimkumbuka. "Mama, nilisema mwakani."

"Ulimwambia mzee. Mimi ni msusi." Akamgeuza binti yake kwa mabega, kisogo kikaelekea kioo. "Hii ni kazi yangu. Kuna mwenye saluni kwenu ananingoja, ameshatuma mwaliko wake, uko hapo kwenye karatasi zenu."

Karani akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mistari ilitoka kwenye paji la uso, ikapinda juu ya masikio, ikakutana nyuma bila mshono kuonekana. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilitanguliwa."

"Na wewe si wa kanisa?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Wengi wangenyamaza. "Ni wa kanisa," akasema, "na ndilo linalonituma. Nitasuka nywele kwa uaminifu, na atakayeniuliza ninaamini nini nitamjibu. Asiyeuliza atapata nywele nzuri. Kama kwenu hilo ni kosa, niambie sasa hivi, nisikudanganye."

Karani akamtazama. Mama Chanuo akamwambia kwa lugha yake, kwa matamshi mabovu ya kule nyuma ya maghala, "Nani alikusuka mara ya mwisho?"

Karani akashika kichwa chake mwenyewe, kilichofungwa nyuma kwa haraka. Hakutegemea swali hilo. "Mama yangu," akajibu, kwa lugha hiyohiyo. Kisha akasema kwa sauti ya kazi kwamba wasusi wana nafasi, na aache pasipoti.

Jumapili, mwenyekiti alisimama baada ya matangazo na karatasi ya ibada ya kurudisha. Akatembea mpaka kwenye kiti, akashika ncha ya kitambaa. Kutoka benchi la mwisho Mama Chanuo akaja katikati ya njia, bila haraka, sanduku lenye magurudumu likimfuata na kupiga kelele kwenye kila kigae. Chanuo lilikuwa juu ya sikio.

"Mzee wangu, kiache," akasema. "Basi linaondoka saa nane."

Mwenyekiti hakuachia kitambaa mara moja. Alimtazama, akalitazama sanduku. "Wamekupa?"

"Wamempa msusi."

Kidogo kidogo akaachia, akaunyoosha mkunjo aliokitia. Alionekana mzee kuliko Jumapili iliyotangulia. "Basi tukuombee tena," akasema.

"Mmeshaniombea mno, nilikuwapo. Ombi langu ni moja. Mkiniombea, msiseme mama yetu wa ugenini. Semeni msusi. Mwombeni Mungu anipe vichwa."

Akamkumbatia binti yake kwenye kwaya, akashikana mkono na bibi wa benchi la mwisho, akatoka. Magurudumu yalisikika mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata kiti kilikuwa kitupu kweli, na benchi la mwisho lilikuwa na pengo. Mwenyekiti akafumba macho. "Bwana," akasema, "tunamkumbuka msusi wetu. Mpe vichwa." Bibi akasema amina peke yake, kwa sauti iliyowashtua waliosinzia.

Kisha mwenyekiti akauliza kwa desturi kama kuna swali, na kwenye safu ya katikati akasimama fundi bomba, yule ambaye mke wake alikuwa na rasta mpya. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Huko," akasema, "wana mabomba?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akapanga karatasi zake, akasema hilo litapelekwa kwenye kamati, lizingatiwe kwa wakati wake, na ndugu anaweza kukaa.

Fundi bomba hakukaa.